Swali la Kumi na Saba

Zuhura mwanangu,

Leo asubuhi uliniamkia nikanyamaza. Ukaniamkia tena ukidhani sijasikia. Nilisikia. Marahaba. Haya, nimeitikia, tena kwa maandishi, usije ukafika kwa watu huko Morogoro ukasema mama yako alikataa shikamoo yako. Lakini hasira iko palepale, sikufichi. Hii kalamu niliyoazima kwa jirani inakiona cha moto.

Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na ninavyokujua hutarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina muda. Sitakuandikia habari za kula, wala za kulala, wala za watu wa kukaa nao. Hayo nimekuimbia tangu ulipovunja ungo, na kama hayajakuingia hayatakuingia leo. Nataka tuongee habari za jana jioni, na lile neno ulilonirushia usoni, nikatoka nje kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Wiki nzima nilikuwa nakusikia ukipepeta mchele huku unajisemea chini kwa chini: B, B, A, C, D, A. Mimi mjinga nikafurahi. Nikasema, mtoto anasoma, mtihani wa nadharia ni wiki hii, mtoto anajua anachokwenda kufanya. Hata wateja wangu wa mchele niliwaambia. Nilisema binti yangu anakwenda kupata leseni ya halali, atawaendesha watoto wa chekechea kwenye gari la shule, wazazi watamkabidhi watoto wao kila asubuhi. Nilijigamba, Zuhura. Mimi sijigambi ovyo, unajua.

Jana nikaingia jikoni kutafuta kile kijitabu cha alama za barabarani, nikakikuta chini ya sufuria ya maharage. Jalada lina duara jeusi la masizi. Nikakifungua. Kurasa za ndani zimegandana vilevile kama zilivyotoka dukani. Weee! Kitabu cha mtihani ndicho cha kukalishia sufuria? Hiyo ndiyo alama pekee ya barabarani uliyoichora humo.

Nikakuita. Nikakuuliza kwa upole, nakumbuka ilikuwa kwa upole, "Gari likikuharibikia barabarani unafanya nini?"

Hukufikiri hata kidogo. "Hilo la kumi na saba. C."

"C ni nini?"

"C ni jibu, mama."

"Sawa, linasemaje hilo jibu?"

"Mama nawe! Mtihani hauulizi linasemaje. Unaweka vema kwenye C, unasonga mbele. Pepa lote ninalo, kuna mshikaji wa pale chuoni kanirushia kwenye simu. Darasa zima wanapita hivyo."

"Na wakibadilisha maswali?"

"Hawabadilishagi."

Hawabadilishagi! Ukasema huku unachomoa simu kwenye chaji, na kicheko juu. Hapo ndipo nilipopandisha. Niliyoyasema unayakumbuka, na mengine hayakustahili kusemwa, hasa yale ya marehemu baba yako. Kwa hayo nakuomba radhi. Kwa mengine siombi. Ukaningoja nimalize pumzi, halafu ukasema taratibu, kwa ile sauti yako ya kunitoa roho: "Kwani wewe mama ulifanya mtihani gani? Leseni yako si aliileta baba mfukoni? Na miaka yote hiyo umeendesha kirikuu, umeua nani?"

Umeua nani. Uliuliza ukijua hakuna jibu. Kaa kitako basi, nikujibu.

La leseni ni kweli. Nilikuwa naanika mpunga, baba yako akarudi kutoka mjini, akaichomoa mfukoni, akaniambia, "Mke wangu, leo umekuwa dereva." Alikuwa na mtu wake huko. Sikuona chumba cha mtihani, sikumwona trafiki wa kunijaribu, sikuulizwa kibao kimoja. Nilichojua ni kuondoa gari, kukata kona na kusimama, na hicho nilifundishwa na baba yako kwenye njia ya mashamba ya Tindiga wakati wa kiangazi. Nikaipiga busu ile kadi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza hapa kijijini kwetu Ulaya kushika usukani wa kirikuu, kigari cha mizigo, na wanaume waliokuwa wananicheka walianza kuniita dereva. Nilivimba kichwa, sikatai.

Barabara nilijifunza kwa kuangalia wenzangu. Wenzangu walivyofanya ndivyo nilivyofanya. Wakipiga honi kwenye kona nami napiga. Gari likiharibika hapa kwetu unajua tunavyofanya: unakata matawi porini, unayatupa nyuma ya gari ili anayekuja ajue mbele kuna kitu. Ukiwa mlimani unatafuta jiwe unakaba tairi. Ukimaliza kutengeneza unawasha gari, unaondoka zako. Nani anarudi kuokota matawi? Nani anashuka kuondoa jiwe? Umekulia hapa, mwenyewe unayaona kila siku, majani makavu na mawe yamezagaa barabarani na gari lenyewe liliondoka zamani. Ndiyo maana watu wakiona matawi siku hizi hawapunguzi mwendo. Yameshawadanganya mara nyingi mno.

Mwaka wa jambo lenyewe wewe ulikuwa darasa la pili. Nilipakia mchele kwenda kuuza Mikumi, peke yangu, baba yako alikuwa na homa. Ule mteremko wenye kona, unapokaribia Mikumi, unaujua, ndipo nilipopata pancha. Tairi la nyuma, kushoto. Hendibreki ya kile kirikuu ilikuwa imekufa siku nyingi na hakuna aliyejali, kwa sababu mawe yapo. Nikaokota jiwe, kubwa, la kubeba kwa mikono miwili, nikalikabisha mbele ya tairi la mbele. Nikakata matawi ya mti nikayatupa nyuma. Nikapiga jeki, nikafunga spea mwenyewe, jua linanichoma utosi, mawingu nayo yanaanza kujikusanya upande wa milimani na mchele wangu hauna turubai. Nilipomaliza nilikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi.

Sasa sikiliza hapa. Niliingia kwenye gari, nikarudisha nyuma kidogo, nikakata usukani, nikalikwepa lile jiwe. Nililikwepa, Zuhura. Nililiona, nilijua liko pale, mimi mwenyewe nimeliweka, na nikalizunguka vizuri kabisa nisije nikalikanyaga. Gari langu nililionea huruma. Kushuka kuliondoa ingenichukua muda wa kupiga chafya mara mbili. Niliona uvivu kupanda na kushuka tena. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine, na nimeitafuta sana.

Nilifika Mikumi, nikauza, nikanywa chai, nikanunua mafuta ya taa. Mvua yenyewe haikunyesha. Alasiri nikageuza kurudi Ulaya, na kwenye ule mteremko nikakuta watu wamejaa. Baiskeli iko mtaroni, tairi limejikunja. Nyanya zimetapakaa barabara nzima, nyingine zinaendelea kubingirika. Mwanamume mmoja kalala pembeni, kafunikwa na kitenge cha mtu mpaka kifuani, anapumua kwa shida. Alikuwa ametoka Zombo na matenga mawili ya nyanya, anashuka kuelekea Mikumi kuuza. Magari yaliyopita baada yangu yalikuwa yameyasukuma matawi yangu mpaka yakalifunika jiwe. Yeye aliona majani tu. Kama watu wote wa huku, akajua ni majani ya uongo ya dereva aliyeshaondoka, akapita juu yake.

Mama mmoja pale alikuwa anapiga kelele, "Nani huyu mshenzi anaacha jiwe barabarani? Nani hana utu hivi?"

Na mimi nikasema, nakuapia kwa Mungu aliyeniumba, mimi mama yako nikasimama pale mikono kiunoni nikasema, "Madereva wengine ni wanyama."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kunyamaza. Mdomo ulijifungua wenyewe, na sauti ikatoka kubwa kuliko ya yule mama. Kisha nikawa mwepesi kuliko watu wote: nikashusha magunia matupu nikayatandika, nikawaambia wanaume wampakie kwenye kirikuu changu, nikampeleka hospitali. Nililiendesha lile gari kwa uangalifu ambao sijawahi kuwa nao kabla wala baada. Hakuongea njiani. Siku ya tatu akafariki.

Sasa jina lake. Aliitwa Mrisho. Mke wake ni Bi Tatu.

Ndiyo, Bi Tatu huyohuyo. Bi Tatu wa Zombo unayemwita mama mkubwa, ambaye kila mavuno anatuletea mbaazi na maboga. Aliyekufunga khanga siku ulipomaliza shule. Kila mara ukiniuliza tumeunganaje na yule mama nilikujibu nilimsaidia mume wake alipoanguka. Ukaona mama yako ni mtu mwema. Naye anaona hivyohivyo. Siku ya mazishi alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akasema, "Mama Zuhura, Mungu akulipe. Wengine walipita na magari yao, wewe ulisimama." Nikaitikia, amina. Nilikula pilau ya msiba ule, nikashiba.

Ulikula maboga yake, nami nimeyala. Baba yako amekufa hajui. Nilitaka kumwambia Bi Tatu mara nyingi, halafu nikawa najiambia, utamwamshia kidonda, watoto wake ni wadogo, ngoja wakue. Wamekua. Mdogo wao juzi ameoa. Nikajiambia yule mtu baiskeli yake haikuwa na breki, na kweli haikuwa nazo, watu walisema. Nikajiambia alikimbiza. Mwanangu, mtu akitaka kujisamehe hakosi vibarua wa kumsaidia, na wote nimewaajiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mimi hata kifo hakikuniumbua. Kiliniletea shukrani na maboga.

Ndiyo maana nilipandisha jana. Hukuchagua swali wewe, nililichagua mimi, na mimi katika maswali yote yale nililiokota hilo bila kujua. Ukanijibu herufi. Mtu mzima, mtoto wangu, anakwenda kubeba watoto wasiojua kujifunga kamba za viatu, ananijibu herufi.

Leo baada ya adhuhuri nimekaa na kijitabu chako, nimezitenganisha kurasa kwa kisu cha jikoni, taratibu, na nimekisoma. Nusu karne nimeishi, leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Mengine nimecheka. Kumbe ule mstari wa njano mimi nimekuwa nikiukanyaga miaka yote. Kumbe kile kibao cha pembetatu nilichokuwa nadhani kinaonya matuta kinaonya kitu kingine. Mwishoni kuna maswali ya mtihani, nimefika la kumi na saba. C yako inasema hivi: weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma ya gari, na kabla ya kuondoka hakikisha umeondoa kila kitu ulichokiweka barabarani. Basi. Sentensi moja. Nimeisoma mpaka macho yakanichoma.

Sitakudanganya kwamba ningeisoma siku hizo Mrisho angekuwa hai. Labda ningeisoma na bado ningeona uvivu kushuka. Uvivu wangu naujua. Lakini ningejua kwamba ni kosa. Mimi sikujua, Zuhura, na hapo ndipo panaponiuma. Kuacha jiwe kwangu ilikuwa sawa na kutupa ganda la muwa. Hata yule mama aliyekuwa akipiga kelele, nina hakika mume wake au kaka yake amewahi kuacha jiwe mahali. Sote tulimlaani mtu ambaye ni sisi.

Na hasira nyingine ni hii, nayo ni ya kwangu juu yangu. Nani alikufundisha kuendesha? Si mimi? Njia ileile ya Tindiga, kirikuu kilekile. Mwaka jana tulipokwama kule kwenye kilima na mzigo wa mahindi, nani alikwambia "Shuka utafute jiwe"? Ukashuka, ukalileta, ukalikabisha vizuri kabisa. Na tulipoondoka nilikaa kimya nikingoja nione kama utaliondoa. Hukuliondoa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nalijua jiwe lingine na habari yake yote, na sikufungua mdomo, kwa sababu ningefungua ungeniuliza kwa nini nimebadilika sauti. Tukafika mbele kidogo nikakudanganya nataka kujisaidia, nikarudi kwa miguu peke yangu nikaliondoa. Ulinicheka ukasema mama umekaa sana, umekula nini. Nilikuacha ucheke. Hilo nalo ni kosa, tena kubwa kuliko yale mengine. Nililiokota jiwe nikakuacha wewe ulivyo.

Kwa hiyo usije ukadhani nakukasirikia peke yako. Nimekasirika na wewe, na baba yako Mungu amrehemu, na yule mtu wake wa mjini, na huyo mshikaji wako na simu yake. Nimewakasirikia watu wanaopita kasi ndani ya hifadhi pale Mikumi na kukanyaga breki wakikumbuka tu faini za kugonga wanyama. Twiga ana bei yake, swala ana bei yake, dereva anazijua kwa kichwa. Mrisho hakuwa na bei, alikuwa na nyanya tu. Lakini kuliko wote nimejikasirikia mimi, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda, inaishia kumpigia kelele mtoto jikoni.

Ile picha ya majibu iko bado kwenye simu yako. Uliiacha juu ya meza asubuhi ulipokwenda kuoga, na namba yako ya siri naijua, unadhani siijui. Kidole changu kilikuwa juu yake. Sikuifuta. Ningeifuta ungemwomba mshikaji akurushie nyingine, na ungekuwa umejifunza tu kuificha simu. Kijitabu nimekiweka juu ya nguo zako kwenye begi, kurasa zimeachana sasa, na nimepangusa masizi kadiri nilivyoweza. Kutoka hapa mpaka Morogoro ni safari ndefu. Mtihani ni keshokutwa. Akili unayo, haijawahi kuwa hiyo shida yako.

Ukitaka kupita kwa herufi, utapita. Nina hakika utapita, hawabadilishagi. Utapewa kadi yako, utaipiga busu, utakabidhiwa gari la watoto. Sitakufuata. Sitampigia mwenye shule. Ila leseni hiyo usije ukanionyesha, na usiniite nikupongeze. Ukisoma, ukaketi, ukafeli, njoo nyumbani mchana kweupe, pita sokoni katikati ya watu, nitakupikia na nitakutia moyo urudi tena. Na wakikucheka niambie jina la anayecheka.

Mambo yamebaki mawili. La kwanza, haya niliyokuandikia usimwambie mtu kwa siku mbili hizi, hata shangazi zako. Siyo kwa kuficha. Kuna mtu anayestahili kuyasikia kabla yao, na ayasikie kwangu. La pili ni hili. Kesho wewe ukipanda gari la Mikumi, mimi nitapanda pikipiki ya Zombo. Sijui kitakachotokea. Watoto wake ni watu wazima sasa, wana haki ya kunifukuza, wana haki ya kunipeleka polisi, na nikiitwa nitakwenda. Labda atanyamaza tu. Hicho ndicho ninachokiogopa zaidi. Nimekaa miaka hii yote nikiombewa dua na mtu niliyemfanya mjane, na jana mtoto wangu akaniuliza nimeua nani, nikashika ufagio. Sitashika ufagio tena.

Nimempigia simu mchana huu, nimemwambia nina neno nataka kumwambia ana kwa ana. Alifurahi mno. Akaniuliza kama ni habari za posa yako, akacheka, akasema hata kama si posa niende, siku nyingi sijafika kwake, kuna jogoo amemweka kwa ajili yangu. Nikamwambia, Bi Tatu, tafadhali usichinje. Akanijibu, mtu aliyembeba mume wangu mikononi aje kwangu ale mchicha?

Nitaondoka alfajiri. Nataka nifike kabla hajamchinja.

Mama yako